Pepo au maradhi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kupagawa

Nimezaliwa Tanga, katika nyumba ambayo bibi mzaa mama alikuwa na maruhani, aina ya pepo wa pwani, na mdogo wangu alikuwa na kifafa. Ubishi wa "pepo wapo, pepo hawapo" niliusikia nyumbani kabla sijajua kusoma. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa na jamaa, majirani, walimu na watu nisiowajua, wengine wakiwa na mgonjwa ndani.

Kwanza tuambie: wewe unaamini au huamini?

Naamini. Mimi ni Mwislamu, na Qur'ani ina sura nzima iitwayo Al-Jinn. Lakini kuamini kwamba majini wapo ni jambo moja, na kusema "huyu binti aliyelala hapa mkekani ana jini" ni jambo jingine kabisa. La kwanza ni imani. La pili ni dai juu ya mtu fulani, siku fulani, na dai la namna hiyo huulizwa ushahidi, kama ungesema ana malaria. Ubishi mwingi huharibika hapo. Anayetilia shaka akiuliza "umejuaje?", mwenzake anasikia "dini yako ni uongo". Naye anayeamini akishathibitisha kwa aya kwamba majini wapo, anadhani amethibitisha pia kwamba binti huyu anaye.

Pepo, jini, shetani: ni kitu kimoja?

Inategemea anayesema. Neno pepo lina undugu na upepo, kitu usichokiona ila kwa kile kinachokitikisa. Kanisani pepo karibu kila mara ni mchafu, wa kukemewa atoke. Katika uganga wa pwani, pepo anaweza kuwa wa kuishi naye: anapandishwa, anaulizwa jina na anachotaka, anaandaliwa chano chake, na mtu anayempanda huitwa kiti. Msikitini utasikia zaidi jini, na tiba yake ni kisomo, yaani kumsomea mgonjwa Qur'ani.

Madaktari nao wanalo neno lao. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022, ICD-11, inataja hali ya mtu kuhisi kwamba nafsi nyingine imeshika nafasi yake. Ila huhesabiwa ugonjwa pale tu inapomjia bila kutaka, inapomtesa au kumvurugia maisha, na inapokuwa nje ya ibada au desturi inayokubalika kwao. Orodha hiyo haisemi pepo yupo au hayupo. Inauliza kama mtu anateseka.

Kwa hiyo wanaocheza ngoma za pepo za Unguja na Mrima, pwani ya bara, ni wagonjwa watupu?

Hapana, na anayesema hivyo hajakaa kwenye kilinge, mahali pa uganga. Unguja wana makabila mazima ya mashetani. Maruhani ni Waislamu wa Uarabuni, wanapenda udi na marashi. Rubamba asili yao Pemba. Kibuki wametoka Madagaska, ni Wakristo, na wakipanda hutaka brandi. Habeshia ni wa Ethiopia. Ukiyatazama majina hayo unaona historia ya Bahari ya Hindi imekaa katika miili ya watu: kila mgeni aliyepita pwani hii ameacha pepo wake.

Wataalamu walioandika juu ya mambo haya wamebishana. Wengine walidai pepo ni silaha ya mnyonge: mke asiyesikilizwa akipandisha, mume atanunua kanga ambayo pepo ameidai. Linda Giles, aliyefanya utafiti pwani ya Kenya na Tanzania, aliandika mwaka 1987 kupinga maelezo hayo, akionyesha kwamba wamo pia watu wenye heshima na nafasi katika miji yao, si walioachwa pembeni peke yao. Namuunga mkono kwa niliyoyaona. Bibi yangu hakuwa mnyonge wa mtu yeyote. Siku ya maruhani wake nyumba ilinukia udi tangu alasiri, na asubuhi yake aliamka akaenda sokoni kama kawaida. Hapakuwa na aliyeumia, wala haja ya kumwita daktari.

Ninayemhofia ni yule anayeteseka na watu wake wakaridhika na neno "pepo" wakaacha kutafuta zaidi.

Dini yangu inanilazimisha kukubali kwamba mtu huyu amepagawa?

Wakristo huniletea habari ya kijana aliyeletwa na baba yake kwa Yesu. Isome mara mbili katika Biblia ya Kiswahili. Katika Marko 9 baba anasema mwanawe ana pepo bubu. Katika Mathayo 17 baba yule yule anasema mwanawe "ana kifafa", na kwamba mara nyingi huanguka motoni na mara nyingi majini. Anayetilia shaka anasema: unaona, kilikuwa kifafa. Anayeamini anajibu: hata Mathayo anasema pepo alimtoka. Wote wawili wamesoma sawa. Lakini Mathayo 4:24 inawataja wenye pepo na wenye kifafa mbalimbali, kama watu wa aina mbili. Kwa hiyo hata ndani ya kitabu chenyewe si kila aangukaye ana pepo.

Kanisa Katoliki lina tahadhari ya zamani. Kitabu chake cha ibada cha mwaka 1614 kinamwonya padri asiamini upesi kwamba mtu ana pepo, na kinataja dalili za kutafuta: kusema kwa kirefu lugha asiyoijua, kufichua mambo ya mbali yaliyofichika, na nguvu zinazopita umri na hali yake. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1172, inamkataza padri kumpunga mtu bila ruhusa maalumu ya askofu.

Kwetu Waislamu wanazuoni walitofautiana zamani. Al-Jubba'i na wenzake wa Mu'tazila, kundi la kale la wanazuoni, walikataa kwamba jini huingia mwilini. Ibn Taymiyya alithibitisha. Anayethibitisha hutaja Al-Baqara 275, kuhusu aliyezugwa na shetani kwa kumgusa. Anayepinga hutaja Ibrahim 22, pale Shetani anaposema hakuwa na mamlaka juu ya watu ila aliwaita wakamwitikia.

Mimi hurudi kwenye hadithi ya Bukhari na Muslim aliyoisimulia Ibn Abbas. Mwanamke mweusi alimwendea Mtume akamwambia kwamba huanguka kifafa na nguo zikamfunuka. Akapewa hiari: asubiri aingie Peponi, au aombewe apone. Alichagua kusubiri, akaomba tu asiwe anafunukwa, akaombewa hilo. Hakupigwa fimbo, hakufungwa, hakuna aliyemhoji jini ndani yake. Wanaompiga mgonjwa kwa jina la kisomo naomba waisome hadithi hii taratibu.

Kifafa kinatokana na pepo?

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Chembe zake hufyatua umeme kwa pamoja bila mpangilio, na mwili unafuata: kuanguka, kukakamaa, kutetemeka, kutoa povu, kujikojolea. Kitabu cha Kigiriki kilichowekwa pamoja na maandiko ya Hippocrates, tabibu wa kale, chenye umri wa miaka 2400 hivi, kilishasema kwamba ugonjwa huu si mtakatifu kuliko magonjwa mengine. Kwetu visababishi ni vingi: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, ajali ya kichwa, mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyofika ubongoni.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 50 wenye kifafa duniani, na linasema kiasi cha asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata tiba sahihi. Dawa ya zamani kuliko nyingi, fenobabitoni, ni ya bei ndogo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alifika Mahenge, akakuta watu wengi mno wenye kifafa kati ya Wapogoro. Alikuta pia kitu kilichomuumiza: waliamini povu na mate huambukiza, kwa hiyo mtu akianguka motoni jamaa waliogopa kumshika. Wagonjwa walikuwa na makovu ya moto mwili mzima. Alianzisha kliniki, akatoa dawa, na waliokuwa wametengwa wakaanza kurudi shambani. Baadaye utafiti umehusisha kifafa cha eneo hilo na usubi, ugonjwa unaoenezwa na nzi wa mtoni.

Nikisoma "huanguka motoni" katika Mathayo namkumbuka mdogo wangu. Alianguka jikoni akiwa na miaka tisa, mguu ukaingia kwenye mafiga. Watu wazima watatu walikuwepo. Hakuna aliyemgusa mpaka mama alipotoka uani mbio. Kifafa hakiambukizi, si kwa mate, si kwa povu, si kwa mkojo.

Na degedege?

Hili nalisema kwa sauti kwa sababu linaua. Pwani nzima imesikia kwamba degedege ni ndege, au pepo mwenye umbo la ndege, anayempitia mtoto. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 waliwakuta mama wengi wakianza kwa mganga. Tiba za nyumbani zinajulikana: kumfukiza mtoto kinyesi cha tembo, hata kumkojolea. Na kuna imani kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Fikiria jinsi imani hiyo inavyojilinda yenyewe: mtoto anapelekwa hospitali amechelewa, anachomwa sindano, anafariki, na sindano ndiyo inayolaumiwa.

Mtoto mwenye homa anayetetemeka anaweza kuwa na malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Saa chache ndizo zinazoamua. Msomee Ayatul Kursiyyu au muombee kwa jina la Yesu mkiwa ndani ya bajaji.

Mtu akianguka mbele yangu nifanye nini?

Ondoa moto, mawe na vyombo karibu yake. Weka kitu laini chini ya kichwa. Legeza kola au mtandio. Mlaze ubavu ili mate yatoke. Tazama saa. Usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimmwagie maji, usimnyweshe kombe (maji ya maandishi ya Qur'ani) wala maji ya baraka mpaka azinduke kabisa, kwa sababu yataingia kwenye mapafu. Ikipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajapata fahamu, au ni mara yake ya kwanza, au ni mjamzito, hospitali.

Mbona wasichana wa bweni huanguka kwa pamoja? Hapo pia utasema kifafa?

La. Kifafa hakimrukii jirani. Hapa kuna jambo jingine, na mfano wake mashuhuri ni wetu wenyewe.

Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walishikwa na kicheko kisichozuilika. Kicheko kiliambatana na kilio, hofu na vurugu, kikaja na kuondoka, kwa wengine saa chache, kwa wengine hadi siku 16. Kufikia katikati ya Machi wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na shule ikafungwa. Walipopelekwa makwao, hali ilizuka vijijini, Nshamba ikiwa mojawapo. Madaktari Rankin na Philip walipima damu na maji ya uti wa mgongo, hawakuona kijidudu wala sumu. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyepatwa. Hakuna aliyekufa.

Hebu fikiria hilo la walimu. Kama ni sumu ya chakula au pepo wa eneo, kwa nini achague wanafunzi peke yao? Maelezo yanayonitosheleza ni kwamba miili ya vijana walio chini ya shinikizo, waliofungiwa pamoja, wenye hofu moja, hupokezana hofu hiyo kama miayo. Wasichana hawaigizi. Mapigo ya moyo yanakimbia kweli, miguu inalegea kweli. Na umbo linafuata kile jamii inachokiogopa: Bukoba ile ya 1962 wapo waliosema hewa imetiwa sumu na mabomu ya atomiki. Leo tungesema majini.

Kwa hiyo mwalimu usiwakusanye wote uwanjani ukaleta vipaza sauti vya kukemea. Kila anayetazama anafundishwa namna ya kuanguka. Watenganishe, wapumzishe mahali patulivu, waruhusu waonane na wazazi, usiwaite waongo. Halafu uliza taratibu kuna nini shuleni: viboko, mtihani, chakula, mwalimu anayewasumbua usiku. Mara nyingi mwili umesema kile ambacho mdomo uliogopa.

Lakini alizungumza Kiarabu na hakuwahi kukisoma! Na wanaume wanne walishindwa kumshika!

Nguvu za mtu aliyechanganyikiwa hazinishangazi. Kwa kawaida tunajizuia tusijiumize, na katika hofu kuu kizuizi hicho kinaondoka. Lugha ni hoja nzito zaidi, kwa hiyo ipimwe kweli. Je, alisema maneno au alisema sentensi? Aliulizwa swali jipya akajibu, au alirudia dua tunazozisikia sote tangu utotoni? Alikuwepo mjuzi wa lugha hiyo? Kwa nyumba za pwani, kusikia Kiarabu bila kukisoma ni jambo la kila Ijumaa.

Kipimo kizuri nilichowahi kukisoma kilifanywa na askofu. Ufaransa, mwishoni mwa miaka ya 1590, kulikuwa na mwanamke aliyezungushwa miji mbalimbali kama mwenye pepo, Marthe Brossier. Askofu wa Angers, Charles Miron, alimpa maji ya baraka akimwambia ni ya kawaida: akatulia. Akampa ya kawaida akimwambia ni ya baraka: akafurukuta. Kisha akafungua kitabu akamsomea mstari wa kwanza wa utenzi wa Virgil, mshairi wa kale wa Kirumi, kana kwamba ni sala ya kupunga pepo, na yule mwanamke akajinyonganyonga chini. Daktari Marescot, aliyemchunguza Paris, akahitimisha: kwa pepo hakuna kitu, ya kuigiza mengi, ya ugonjwa machache. Askofu yule hakuacha kuamini pepo wapo. Alitaka tu kujua kama huyu anaye.

Aliombewa akapona. Unasemaje?

Nafurahi amepona. Mshtuko wa kifafa huisha wenyewe ndani ya dakika chache, hata mngeimba taarabu. Hali zinazotokana na hofu na majonzi hupungua mtu akizungukwa na watu wanaomjali, wakamshika mkono, wakataja jina lake, na maombi yanafanya hayo vizuri kuliko wodi nyingi. Swali ni la mwezi wa tatu: je, ameanguka tena?

Na yule asiyeanguka, ila anasikia sauti na kubadilika tabia ghafla?

Apelekwe upesi. Mwaka 2007 daktari Josep Dalmau na wenzake walieleza ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo wenyewe, mara nyingi kwa wanawake vijana. Huanza kama wazimu: kupiga kelele, kuona visivyoonekana, mdomo na mikono kujichezea, kisha degedege. Ukitazama bila kujua utaapa ni jini. Unatibika, na kuwahi ndiko kunakookoa.

Usiku kitu kinanikalia kifuani, nashindwa kupiga kelele.

Hilo ni jinamizi. Akili imeamka, misuli bado imelala. Halidhuru. Lala ubavu, punguza kukesha.

Kuna aliyekufa kwa ajili ya ubishi huu?

Wapo. Anneliese Michel wa Klingenberg, Ujerumani, alianza kupatwa na mishtuko mwaka 1968, akatibiwa kifafa miaka kadhaa. Alikuwa binti mcha Mungu, na mwenyewe aliamini ana pepo. Mwaka 1975 Askofu Josef Stangl aliruhusu apungwe, na mapadri wawili wakafanya vikao 67. Matibabu yaliachwa, chakula akakiacha. Alifariki tarehe 1 Julai 1976 akiwa na miaka 23 na uzito wa kilo 30 hivi, kwa njaa na kiu. Mwaka 1978 mahakama ya Aschaffenburg iliwatia hatiani wazazi na mapadri kwa uzembe uliosababisha kifo, miezi sita ya kifungo cha nje. Mahakama haikuhitaji kuamua kama pepo wapo. Ilitosha kwamba binti alikuwa anakufa mbele yao na hakuna aliyemwita daktari.

Na kwetu, mwaka 1995, hofu ya popobawa, jini linalosemekana kuwavamia watu usiku, ilipovuka kutoka Pemba hadi Unguja, kundi la watu lilimuua mtu mwenye maradhi ya akili likidhani ndiye popobawa. Huyo simsahau. Alikuwa anahitaji tiba.

Mchungaji au shehe akisema tuache dawa?

Hapo usibishane, ondoka. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla inaweza kuleta mshtuko usiokatika, na huo unaua. Vivyo hivyo akitaka mgonjwa afungwe minyororo, afungishwe bila chakula wala maji, apigwe, au abaki peke yake chumbani na mpungaji. Wapo viongozi wa dini wanaosoma na kuomba, kisha wanaandika barua ya kwenda kliniki. Tafuta hao.

Nitazungumzaje na mama yangu? Yeye ana hakika ni jini.

Usianze na jini. Ukianza naye utashinda ubishi na kumpoteza mgonjwa. Mwambie: "Mama, kisomo tuendelee nacho, na kesho asubuhi twende tukapime." Andika tarehe za kuanguka kwenye kalenda ya ukutani, mama mwenyewe aweke alama. Rekodi tukio kwa simu mkamwonyeshe daktari, maana kwenye foleni mgonjwa huwa mzima. Kwetu aliyeamua mwishoni alikuwa bibi. Tulikuwa tumepoteza miaka miwili kwa waganga, mama hataki kusikia hospitali. Bibi akasema maruhani wake wamemwambia mtoto huyu si wao, apelekwe kwa daktari. Sikumuuliza kama kweli walisema.

Mdogo wako yuko wapi sasa?

Ngamiani, Tanga, ni fundi cherehani. Mguu una kovu. Hajaanguka kwa miaka kumi na moja. Vidonge vyake anavimeza usiku baada ya isha, na kabla ya kuvimeza husoma Ayatul Kursiyyu kama bibi alivyomfundisha.